Njia ya Jomolhari, Bhutan: mwongozo kamili wa msafara kutoka Paro hadi Thimphu kupitia Lingshi

Aliyewahi kupanda Kilimanjaro hufika Bhutan na faraja moja kichwani: mambo yakiharibika, unageuka na kushuka. Mtu akizidiwa pale kambi ya Barafu huteremshwa kuelekea Mweka usiku huohuo, na kila saa inayopita pumzi inamrudia. Njia ya Jomolhari haikupi nafasi hiyo kila siku. Ukishavuka Nyile La, karibu mita 4,870, ukalala Lingshi, umo ndani ya bonde ambalo milango yake yote iko juu. Utarudi kwa Nyile La, au utasonga mbele kwa Yeli La ambayo nayo ina mita 4,900 na ushei. Kushuka kunaanza kwa kupanda. Ndiyo maana ratiba, mzigo na dawa tunazoeleza hapa vimepangwa kwa kuangalia siku hizo mbili tatu za katikati, siyo urefu wa njia nzima.

Kuna maneno matatu ya Kidzongkha utakayoyasikia kila siku. *La* ni shingo ya mlima, pale njia inapovukia kutoka bonde moja kwenda jingine. *Chhu* ni mto. *Dzong* ni ngome. Jomolhari wenyewe una zaidi ya mita 7,300 na hakuna anayeupanda kutoka Bhutan. Bhutan ilipiga marufuku upandaji wa vilele vya zaidi ya mita 6,000 mwaka 1994, na mwaka 2003 ikafunga upandaji wa vilele kabisa, kwa kuwa wenyeji wanaviona ni makao ya miungu. Wewe unatembea chini yake.

Lini

Misimu ni miwili: Aprili hadi Mei, na Oktoba hadi katikati ya Novemba. Kuanzia Juni hadi Septemba ni masika ya huko. Kipande cha kwanza kando ya Paro Chhu kinakuwa tope la kufika kifundoni, ruba wamo, na milima uliyoifuata huioni. Oktoba ndiyo yenye anga safi zaidi. Tarehe 14 na 15 Oktoba hufanyika tamasha la mlima Jomolhari pale Dangochong, chini kidogo ya kambi ya Jangothang. Ni zuri, ila kambi hujaa. Asiyependa msongamano aanze wiki moja baadaye.

Kinachofunga msimu ni theluji, na inaufunga kwa namna ambayo wazoefu wa Kilimanjaro hawaitarajii. Huku hakuna wapagazi. Mahema, jiko, chakula na mabegi yenu vinabebwa na farasi na baghala, na mara nyingine yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu. Mtu mwenye viatu vizuri anaweza kupasua theluji ya magotini. Farasi mwenye mzigo hawezi. Anazama, anajikwaa kwenye mawe yaliyofunikwa, anavunjika mguu. Basi usimuulize mwongozaji kama nyinyi mtapita. Muulize kama farasi walipita jana.

Malipo, vibali na ndege

Bhutan inamtoza mgeni ada ya maendeleo endelevu, dola 100 za Marekani kwa mtu mzima kwa kila usiku, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Ilikuwa dola 200 kabla ya kupunguzwa Septemba 2023, na punguzo hilo lilitangazwa kudumu hadi Agosti 2027. Viza ni dola 40. Usiku wa hemani unatozwa sawasawa na wa hotelini. Ratiba tunayoipendekeza ina usiku 12, yaani dola 1,240 kabla hujailipa kampuni ya safari hata senti moja. Watu wengi hukata siku za kupumzika ili kuokoa dola mia mbili. Hizo ndizo dola za mwisho kuziokoa katika safari hii.

Huruhusiwi kutembea njia hii bila mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo swali ni kampuni ipi. Kabla ya kutuma pesa, pata majibu ya maandishi kwa haya: Je, tutalala usiku mbili Jangothang na mbili Lingshi? Nani anabeba simu ya setilaiti, na salio limo? Kuna mtungi wa oksijeni au mfuko wa shinikizo, ule ambao mgonjwa anafungiwa ndani kisha hewa inapampwa? Kuna farasi mmoja asiye na mzigo, wa kumpandisha atakayeshindwa kutembea? Swali hili la mwisho ndilo linaloonyesha kampuni iliyowahi kupata matatizo mlimani na iliyoishia kwenye picha.

Ndege za kwenda Paro zinatoka Delhi, Kathmandu, Bangkok na miji mingine michache. Uwanja uko katikati ya bonde jembamba, na ndege hutua mchana tu, rubani akiona njia kwa macho. Wingu likikaa, hakuna safari. Acha siku moja nzima ya akiba kabla ya ndege yako ya kurudi Afrika. Jihadhari pia na tiketi mbili tofauti: kama begi halisafirishwi moja kwa moja hadi Paro, utalazimika kulichukua Delhi, na hapo unahitaji viza ya India hata kama unapita tu. Wanaotoka ukanda wa homa ya manjano, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, wabebe cheti cha chanjo iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. India haina mzaha na jambo hili. Bila cheti unawekwa karantini.

Bima isomwe mstari kwa mstari. Nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,000. Tafuta iliyotaja kwa maandishi kutembea hadi mita 5,000 na kuokolewa kwa helikopta, na nambari ya dharura umwachie mwongozaji.

Hospitali kabla ya safari

Mambo matatu yanamhusu mtu wa Afrika Mashariki kuliko Mzungu anayetembea naye, na kampuni za huko haziyaulizi.

La kwanza ni selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Anayebeba kinasaba kimoja tu, asiyeumwa wala kujijua, naye ana hatari: hewa haba inaweza kufanya chembe zake nyekundu zikunjamane na kuziba damu ya wengu. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na tiba ya kwanza ni oksijeni na kushuka. Kinasaba hiki ni cha kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Kapime. Ukikutwa nacho, ongea na daktari kabla ya kulipa chochote.

La pili ni malaria. Vimelea ulivyong'atwa navyo Dar es Salaam au Kisumu vinaweza kuchukua wiki moja hadi mbili, wakati mwingine mwezi, kabla ya kukuangusha. Ndio muda unaokuwa Jangothang. Kichwa kinauma, unatapika, mwili hauna nguvu, na kila mtu kambini atasema ni mwinuko. Tofauti ni homa. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida hauleti homa kali wala kutetemeka kwa baridi. Beba vipimo viwili vya haraka vya malaria na dozi moja kamili ya dawa mseto. Vina uzito mdogo kuliko soksi, na hutavipata Lingshi.

La tatu ni asetazolamidi, ile ambayo wengi wanaiita Diamox. Kinga ni miligramu 125 kila baada ya saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kuondoka Paro kupanda. Utakojoa sana, vidole vitapata ganzi, na soda itapoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Ni dawa yenye asili ya salfa. Kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Septrin au Fansidar, mwambie daktari. Mwombe pia dawa za dharura, deksamethasoni na nifedipini, na akuandikie kwa mkono wake matumizi ya kila moja.

Mabegi mawili

Farasi hutembea haraka kuliko wewe, na begi lake hulioni mpaka jioni. Kosa la siku ya kwanza ni lilelile kila msimu: koti la mvua liko kwenye begi kubwa, begi kubwa liko kilomita tano mbele. Begi la mgongoni, kati ya kilo 6 na 8, lazima libebe haya:

- koti na suruali ya mvua, sweta nene, glavu na kofia ya sufu
- maji lita 2 hadi 3
- tochi ya kichwani, hata kama mnatarajia kufika mchana
- miwani ya jua inayoziba pembeni na mafuta ya midomo
- dawa zote, pasipoti na pesa
- chakula cha mchana, na kitu cha kutafuna

Miwani watu weusi huidharau. Ngozi yetu inastahimili jua zaidi, macho hayastahimili. Juu ya theluji ya Nyile La saa tatu bila miwani zinatosha kukuamsha usiku ukihisi mchanga machoni.

Begi la farasi liwe laini, lisilo na magurudumu, lisizidi kilo 15, na kila kilichomo kiwe kwenye mfuko wa plastiki kwanza, kwa sababu farasi huvuka vijito. Kiini chake ni mfuko wa kulalia wa nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri. Wa kampuni ukague Paro, siyo kambini: fungua zipu mpaka mwisho, na ulale ndani yake dakika tano. Betri, simu na dawa za maji ulale navyo humo. Baridi inamaliza betri usiku mmoja.

Siku kwa siku

*Siku ya 1 na ya 2, Paro (mita 2,280).* Siku ya pili panda monasteri ya Taktsang, ile iliyogandamana na jabali kwenye mita 3,120. Ilijengwa mwaka 1692, ikaungua 1998, ikajengwa upya. Jioni ukiwa na nguvu, omba gari hadi Chele La, juu ya mita 3,800, ukae saa moja na kurudi. Kupanda juu na kulala chini ndiyo kazi yote ya siku hizi mbili.

*Siku ya 3, Shana (karibu 2,870).* Gari linakufikisha. Ratiba nyingi huruka usiku huu na kukupeleka moja kwa moja Thangthangkha, usikubali. Hapa ndipo farasi wanapopimiwa mizigo, na vibali hukaguliwa kwenye kituo cha jeshi cha Gunitsawa.

*Siku ya 4, Thangthangkha (3,610).* Kilomita kama 22, saa 7 hadi 8, na ndiyo siku inayovunja watu moyo, kwani hakuna mandhari, ni msitu, mizizi, mawe na tope. Ondoka saa moja kamili asubuhi. Baada ya uwazi wa Shing Karap, kwenye mita 3,100 hivi, njia nzuri pana inakata kushoto. Ni njia ya zamani ya biashara ya kwenda Tremo La na Tibet, na imeshawapoteza wasafiri. Endelea na mto. Kwa kuwa leo unalala mita 740 juu ya ulipolala jana, zaidi ya 500 zinazoshauriwa, kula hata kama hujisikii na unywe supu.

*Siku ya 5, Jangothang (4,080).* Saa 5 au 6, polepole. Miti inaisha, yanakuja mabonde ya yaki na nyumba za mawe za Soe na Dangochong, viazi na shayiri. Kambi iko chini ya magofu ya ngome ndogo, na mlima umesimama nyuma yake.

*Siku ya 6, Jangothang tena.* Hii ni siku ya mtihani, ingawa kwenye ratiba imeandikwa mapumziko. Panda hadi maziwa ya Tshophu au ukingo wa juu wa kambi, kisha rudi ulale. Jioni kaeni na mwongozaji, kila mtu ajibu bila aibu: kichwa kinauma baada ya dawa ya maumivu? Umekula? Umelala? Unaweza kutembea hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, bila kuyumba?

Kutoka hapa bado mlango wa nyuma uko wazi. Ukigeuka, kesho mchana uko mita 3,610, keshokutwa uko garini. Mwenye kichwa kinachouma na tumbo lililokataa chakula asivuke. Angoje siku moja au arudi. Kundi likiwa nusunusu kuna njia ya tatu: Bonte La, mita 4,890, mnashuka siku hiyohiyo hadi Soi Yaksa kwenye mita 3,800, kisha mnazunguka kurudi Shana kupitia shingo mbili za chini zaidi. Nayo ni ya juu, lakini unalala chini na unaelekea nyumbani. Kwa makundi mengi ya mara ya kwanza sisi tungeichagua hiyo.

*Siku ya 7, Nyile La na Lingshi (4,010).* Amka saa kumi na moja alfajiri. Farasi huachwa wajilishe usiku, na mara nyingi asubuhi wenye farasi huzunguka vilimani kuwatafuta. Nyinyi tangulieni na mwongozaji. Lengo ni kufika juu kabla ya saa sita mchana, upepo haujakaza. Hapo juu hewa ina kama asilimia 55 ya oksijeni ya Mombasa. Hatua moja, pumzi moja. Ukishindwa kusema sentensi nzima, unakwenda mbio. Penye bendera za maombi wenzako watapaza sauti "Lha gyalo!", miungu imeshinda. Paza nawe, piga picha, shuka. Dakika kumi zinatosha.

*Siku ya 8, Lingshi.* Pumzika. Ngome iko kilimani juu ya kambi. Tetemeko la Septemba 2011 liliipasua. Kijiji kina kituo kidogo cha afya, na helikopta hutua anga likiruhusu.

*Siku ya 9, Yeli La na Shodu (4,080).* Ndiyo ndefu kuliko zote, saa 8 hadi 9. Kuondoka ni saa kumi na mbili kamili, tochi kichwani kama bado giza. Magoti yanaumia upande wa pili. Fupisha hatua na utumie fimbo mbili.

*Siku ya 10, Barshong (3,710), na ya 11, Dodena.* Njia inavuka mto mara kadhaa kwa madaraja ya magogo yenye utelezi. Hapa wanaanguka waliovuka shingo zote mbili salama, kwa sababu akili imeshafika Thimphu.

Mtu akiugua ndani ya Lingshi

Kuna hali mbili za kuua. Ya ubongo: anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anataka kuachwa alale. Ya mapafu: anahema akiwa amekaa, kikohozi, midomo ya kijivu, na kwa kawaida humpata usiku wa pili baada ya kupanda. Kwa mtu mweusi rangi ya midomo hudanganya. Angalia ndani ya mdomo na kucha, au tumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kidole kikiwa kimepashwa joto kwanza. Kidole cha baridi hutoa namba za uongo.

Fanyeni kwa mpangilio huu: oksijeni au mfuko wa shinikizo, deksamethasoni miligramu 8 kisha 4 kila saa 6 kwa ubongo, nifedipini ya kutoka polepole miligramu 30 kila saa 12 kwa mapafu, na simu ya helikopta mara moja. Usingoje asubuhi kupiga simu. Ruhusa ya bima nayo huchukua saa. Mgonjwa asipandishwe shingo kwa miguu. Mfuko ukimpa nafuu, hiyo ni nafuu ya saa chache, na ndani ya saa hizo ndiyo mnapanga kumtoa.

Jikoni na mbele ya chorten

Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwa takriban nyuzi 87, ndiyo maana mpishi ana sufuria ya presha na dengu zake haziivi bila hiyo. Maji ya kunywa yachemke dakika tatu. Ema datshi, mchuzi wa pilipili na jibini, unapikwa pilipili ikiwa ndiyo mboga yenyewe. Mwenye vidonda vya tumbo aombe sahani yake kando. Muislamu aseme mapema kwamba hali nyama: nguruwe ni wa kawaida, na wali mwekundu, mayai, dengu na jibini vinatosha safari nzima.

Chorten, yaani minara ya ibada ya Kibudha, na kuta za mawe yaliyochongwa maombi hupitwa ukiziacha mkono wako wa kulia. Usikalie mawe hayo. Ndani ya hekalu vua viatu na kofia, na kamera ibaki mfukoni. Usitupe mabaki ya nyama wala plastiki motoni kambini. Moshi wake unaaminika kumkera mungu wa mlima, na wenye farasi wataunganisha hali ya hewa ya kesho na wewe.

Bakshishi ya wenye farasi na mpishi iandaliwe kwa ngultrum, pesa ya Bhutan, kwenye bahasha, usiku wa Barshong. Pale Dodena gari likifika wao wanaanza kugeuza wanyama, na ukishapanda kwenda Thimphu hutawaona tena.